Maswali ya Wasomaji: Mwanafunzi yupo wodini, mwalimu wake ni nani?

Katika toleo lililopita tuligusia kwa ufupi mikataba ya maelewano ambayo vyuo vya uuguzi hutiliana saini na hospitali ili wanafunzi wapate mahali pa kufanyia mafunzo ya vitendo, wala hatukudhani kwamba aya tatu zingetuletea barua nyingi kiasi hiki kutoka Malindi, Mambrui na Lamu. Tumechagua tano. Zilizokuwa ndefu tumezifupisha, na majina ya waandishi, ya vyuo na ya hospitali zinazolalamikiwa tumeyaacha, kwa kuwa kasoro zinazoelezwa hazina mwenyewe mmoja. Anayejibu ni mkufunzi wa uuguzi aliyestaafu, mkazi wa Malindi.

*Assalaam alaykum. Binti yangu yuko mwaka wa pili wa shahada ya uuguzi na amepelekwa hospitali kwa majuma sita. Kila jioni nikimuuliza amejifunza nini, jibu ni lile lile: nimepeleka sampuli maabara, nimetandika vitanda, nimesukuma machela. Chuo kimetoza ada ya mafunzo ya vitendo, na hospitali nayo imetoza yake. Je, ndivyo inavyotakiwa?*
Mama wa mwanafunzi, Langoni, Lamu

Wa alaykum salaam, mama. Kutandika kitanda si kazi ya kudharauliwa, kwa maana muuguzi anayejua kumgeuza mgonjwa huku akinyoosha shuka ndiye anayekiona kidonda cha kulalia kingali wekundu tu juu ya ngozi, siku kadhaa kabla hakijamfikia daktari. Lakini ikiwa kwa majuma sita hakuna aliyesimama upande wa pili wa kitanda hicho akamwonyesha binti yako pa kutazama, basi hayumo mafunzoni. Ameazimwa kuwa kibarua, tena kibarua anayelipa.

Ili uelewe tumefikaje hapa, kumbuka kwamba zamani shule ya uuguzi ilikuwa ndani ya ua wa hospitali, na mkufunzi alivuka uwanja tu akafika wodini. Masomo ya shahada yalipoanzishwa vyuo vikuu, uwanja ule ukawa barabara ya kilomita nyingi. Kisha mwaka 2013 ugatuzi ulipoanza kutekelezwa, huduma za hospitali zikaingia mikononi mwa kaunti, huku chuo kikuu cha umma kikibaki chini ya Wizara ya Elimu na Chuo cha Mafunzo ya Tiba cha Kenya (KMTC) chini ya Wizara ya Afya. Baraza la Wauguzi la Kenya ndilo linaloidhinisha vyuo na mahali pa mafunzo, ila Baraza halishindi wodini. Kinachowaunganisha wote hao siku kwa siku ni karatasi moja tu, ule mkataba wa maelewano, na mimi nimeisoma kadhaa katika maisha yangu ya kazi. Nyingi ya nilizozisoma zilieleza vizuri idadi ya wanafunzi, kiasi cha ada, rangi ya sare na nani atalipa kikivunjika chombo. Chache mno zilimtaja mtu atakayekuwa na mwanafunzi saa nne asubuhi, daktari akiwa ameshapita na wodi imeachiwa wauguzi wawili.

Nitakupa mfano niliouona kwa macho yangu katika hospitali nisiyopenda kuitaja. Ijumaa moja adhuhuri nilipitia chati za wodi ya wanaume, vitanda kumi na vinne, na presha ya wagonjwa wote kumi na wanne ilikuwa imeandikwa 120 kwa 80, kwa mwandiko mmoja, wakiwamo wazee wawili waliolazwa kwa kiharusi. Mwanafunzi aliyeziandika hakuwa mvivu. Kipimo kilikuwa kimoja, mkanda wake ulikuwa unavuja upepo, naye alikuwa ameona haya kumwita muuguzi wa zamu, ambaye alikuwa akihangaika na mshipa wa mgonjwa aliyeishiwa maji mwilini. Nilikwenda garini nikachukua kipimo changu, tukarudi kitanda cha kwanza tukaanza upya, yeye akipima nami nikisikiliza baada yake. Kitanda cha tatu tulikuta 190 kwa 110. Siku hiyo kijana yule alijifunza kupima presha, na nina yakini kwamba hakujifunza kwa sababu ya mkataba, kwani mkataba ulikuwa na kurasa kumi na moja na hakuna hata moja iliyomhusu muuguzi wa zamu.

Wenzetu wamelijaribu jambo hili kwa njia mbalimbali. Uingereza, tangu viwango vipya vya Baraza lao la Wauguzi na Wakunga vya mwaka 2018, kazi ambayo zamani aliifanya mlezi mmoja wa mwanafunzi wodini imegawanywa kwa watu watatu: yupo anayefanya kazi na mwanafunzi kila siku na kumwongoza, yupo mwingine wa hospitali anayepima kama amefuzu, na yupo wa tatu kutoka chuoni anayelinganisha hukumu hiyo na masomo yake, hivyo kwamba anayekupenda siye peke yake anayekupitisha. Australia, Chuo Kikuu cha Flinders kilianza miaka ya mwisho ya 1990 utaratibu ambao chuo na hospitali huchagua wodi pamoja na kuifanya wodi nzima kuwa darasa. Wauguzi wake ndio walimu, na mhadhiri anapofika haji kuwafundisha wanafunzi bali huja kuwasaidia wauguzi wajue kufundisha. Kwa maoni yangu huu wa pili ndio unaotufaa zaidi huku pwani, kwa sababu wahadhiri wetu ni wachache na barabara ni ndefu. Lakini usidhani ni wa bure. Muuguzi aliyepewa wanafunzi wawili lazima apunguziwe wagonjwa siku hiyo, na hapo ndipo gharama ilipo, kwani kumpunguzia yeye ni kumwongezea mwenzake au kuajiri mwingine.

Wewe, mama, una jambo moja la kufanya juma hili. Mwombe binti yako kitabu chake cha kazi, kile ambacho kila kitendo alichokifanya chini ya usimamizi hutiwa saini. Ukiona saini ishirini za siku moja kwa kalamu moja, au ukurasa mtupu ilhali juma la tano limeingia, mwambie akipeleke mwenyewe kwa mratibu wa mafunzo ya vitendo chuoni kabla ya juma la sita, si baada yake.

*Mimi ni muuguzi msimamizi wa wodi ya wazazi. Jumatatu moja nilipokea wanafunzi wa vyuo vitatu, jumla ishirini na wanane, na wodi yangu ina vitanda kumi na sita. Hakuna chuo kilichokuwa na habari ya mwenzake. Nikiwarudisha naambiwa nimevunja makubaliano; nikiwapokea wanasimama ukutani hadi saa kumi. Nifanyeje?*
Msimamizi wa wodi, Malindi

Dada yangu, swali lako ndilo lililonifanya nikubali kuandika majibu haya.

Vyuo huhesabu vitanda, na hospitali huhesabu ada. Kinachopaswa kuhesabiwa ni mikono inayoweza kufundisha. Ikiwa zamu yako ya asubuhi ina wauguzi watatu, na kila mmoja aweza kuwachukua wanafunzi wawili bila mgonjwa kuumia, basi wodi yako inachukua sita, na hao ishirini na wawili waliosalia ni wageni. Hesabu hii ifanywe kwa kila wodi na kwa kila zamu, iandikwe, ibandikwe ofisini kwa muuguzi mkuu wa hospitali, na kila mkataba unaotiwa saini urejee namba hizo badala ya kusema tu kwamba hospitali itawapokea wanafunzi “kadiri nafasi itakavyoruhusu”. Maneno hayo matatu yamewasimamisha wanafunzi wengi ukutani.

Namba zikishajulikana, vyuo vyote vinavyotumia hospitali hiyo vikae meza moja kabla ya muhula kuanza, na wasimamizi wa wodi wawepo, si wakuu wa idara peke yao. Kalenda iwe moja. Nimeona mara nyingi wodi ikifurika mwezi wa Machi na kubaki bila mwanafunzi hata mmoja mwezi wa Mei, kwa sababu tu kila chuo kilipanga kana kwamba kiko peke yake duniani. Nimeona pia kwamba baada ya saa kumi alasiri wanafunzi wote hutoweka, kwa kuwa basi la chuo linaondoka, ilhali watoto hawazaliwi kwa ratiba ya basi. Wanafunzi wanne wakiingia zamu ya jioni na wawili wakalala zamu ya usiku, pamoja na mpango wa malazi na wa kuwafikisha salama, hao ishirini na wanane wataanza kupungua bila ya kumfukuza mtu. Nasema wataanza, kwa sababu zamu yenye muuguzi mmoja haifai kupewa mwanafunzi asiyejua bado kumpokea mtoto. Wapelekwe wa mwaka wa mwisho tu.

Kuhusu ada nina kauli ambayo baadhi ya wakubwa hawataipenda. Fedha zinazolipwa na wanafunzi huingia akaunti ya hospitali, na mara nyingi wodi iliyowafundisha haioni hata boksi moja la glavu, ijapokuwa kila mwanafunzi anayefundishwa sawasawa hutumia glavu, sindano na pamba kama muuguzi mwingine yeyote. Mkataba useme wazi kwamba sehemu ya ada itarudi wodini kama vifaa: vipimo vya presha viwili vizima, saa ya ukutani yenye mshale wa sekunde, glavu. Navyo vyuo vina kitu ambacho hospitali inakihitaji na ambacho hakiwagharimu sana. Muuguzi wa Kenya hawezi kuhuisha leseni yake bila ya alama za mafunzo endelevu, na wengi huzifuata kwa nauli yao wenyewe. Chuo kikuu kilicho jirani, kama kile cha Pwani pale Kilifi, kikiwaandalia wauguzi walezi mafunzo yaliyoidhinishwa, hapo hapo hospitalini, alasiri moja kila mwezi, na kikawafungulia maktaba yake, utaona nani atakayegombania kuwa mlezi.

Na wakija tena ishirini na wanane bila taarifa? Usigombane na mhadhiri mlangoni mbele ya wagonjwa. Wapokee sita, waandikie waliobaki majina yao, na umpelekee muuguzi mkuu barua siku hiyo hiyo, ukieleza idadi ya wauguzi waliokuwa zamu. Barua tatu za namna hiyo zenye tarehe hufanya kazi ambayo malalamiko ya chumba cha chai hayajaifanya kwa miaka.

*Mke wangu alipokuwa akijifungua, pazia lilifunuliwa wakaingia vijana sita wenye madaftari. Hakuulizwa, wala hakujua ni akina nani. Tangu siku hiyo anasema mtoto wa pili atazaliwa nyumbani. Hawa wanafunzi wana haki gani ya kuvunja stara ya mtu?*
Mume, Mambrui

Hawana. Faragha ya mtu imelindwa katika kifungu cha 31 cha Katiba, na Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inataka mgonjwa aelezwe na aridhie anachofanyiwa. Kuingiza watu sita kwa mama aliyeshikwa na uchungu bila ya kumwambia lolote ni kosa, na kosa hilo ni la waliowaingiza kuliko la vijana wenyewe. Kinachonitia hofu zaidi ni hayo maneno ya mwisho ya mkeo. Ujinga wa nusu saa umemfukuza mwanamke hospitalini, na siku atakapotokwa na damu nyingi nyumbani hakuna atakayekumbuka kwamba chanzo kilikuwa pazia.

Hata hivyo nakuomba, ndugu yangu, usitake mlango ufungwe kabisa, kwani mkunga atakayempokea mjukuu wako lazima ajifunzie mahali. Lipo la kufanya, nalo ni rahisi. Mama aombwe ridhaa mapema, akiwa kliniki au anapopokewa, akili yake ikiwa imetulia, kwa sababu uchungu ukishamzidi hawezi kusema hapana hata akitaka. Akikubali, apewe mwanafunzi mmoja, si sita. Mwanafunzi huyo ajitambulishe kwa jina, amsugue mgongo, amletee maji, akae naye tangu anapopokewa mpaka mtoto ananyonya. Kwa nilivyoona, wanawake wengi wakiombwa hivyo hukubali, na baadhi yao humwita mwanafunzi “mwanangu” kabla ya alfajiri. Wanafunzi wa kiume nao wanatakiwa kujifunza ukunga kama wenzao wa kike, lakini mama akimtaka mwanamke asilazimishwe wala asiulizwe sababu, na kijana atafutiwe mama mwingine aliyeridhia.

Jambo hili lina upande mwingine ambao vyuo havijaupa uzito. Wanafunzi wengi wanaoletwa huku wametoka bara, na Kiswahili chao ni cha shuleni. Nilimpokea mmoja, msichana hodari kweli kweli, aliyedhani kwamba “wodi ya wazazi” ni chumba ambamo baba na mama husubiri watoto wao walio wagonjwa. Mwingine aliambiwa na mama wa Kibajuni kwamba ana uchungu tangu alfajiri, akamuuliza kwa upole amekasirishwa na nani. Tulicheka, lakini mama alikuwa amefunguka sentimita nane. Siku mbili za kuzungumza na wakunga wazee na wahudumu wa afya ya jamii, kabla ya mwanafunzi kukanyaga wodini, zingefaa ziandikwe ndani ya mkataba kama yanavyoandikwa mambo ya sare.

*Nilijidunga sindano niliyokuwa nimeitoa kwa mgonjwa. Hospitalini waliniambia niende chuoni. Chuoni wakaniambia hilo ni suala la hospitali. Nilizunguka siku mbili.*
Mwanafunzi wa mwaka wa tatu, Malindi

Siku mbili ni saa 48, na dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI zinatakiwa zianze mapema iwezekanavyo, bila ya kupita saa 72. Ulikuwa na siku moja tu mkononi. Ikimpata mwenzako, aoshe palipodungwa kwa sabuni na maji yanayotiririka, asipakamue, atoe taarifa kwa msimamizi wa zamu papo hapo, na aanze dawa katika hospitali aliyomo, usiku au mchana. Nani atalipa waje waulizane baadaye. Dawa hizo hunywewa siku 28 bila ya kukatiza. Chanjo ya homa ya ini aina ya B nayo hutolewa mara tatu, ya pili mwezi mmoja baada ya ya kwanza na ya tatu miezi sita baada ya hiyo ya kwanza, maana yake ni kwamba chuo kinachosubiri mpaka juma la kwenda wodini kimeshachelewa kwa nusu mwaka. Mkataba usiotaja nani anachanja na nani anatoa dawa usitiwe saini. Sina neno la adabu zaidi ya hilo.

*Mimi ni muuguzi mstaafu. Wanafunzi wote hurundikwa Malindi na Mombasa, na wakija Lamu huishia mjini. Kwa nini wasifike Faza, Witu au kwenye zahanati za visiwani? Naambiwa siku hizi vyuo vinanunua madoli ya kufanyia mazoezi. Doli litawafundisha nini?*
Bibi mstaafu, Mkomani, Lamu

Shikamoo, bibi. Nianze na doli, kwa sababu hilo ni jepesi. Utafiti mkubwa uliofanywa katika vyuo kumi vya Marekani na kutolewa mwaka 2014 ulionyesha kwamba wanafunzi waliofanyia mazoezi ya kuigiza hadi nusu ya saa zao za vitendo hawakuwa nyuma ya wenzao walioshinda hospitali, ila walikuwa na walimu waliofunzwa kazi hiyo na vifaa vilivyokamilika. Doli bila mwalimu ni doli tu. Faida yake iko katika yale yasiyotokea kila siku: mwanafunzi aweza kumaliza majuma yake yote wodini bila ya kumwona mama anayetokwa na damu nyingi baada ya kuzaa, na hatutaki amwone kwa mara ya kwanza akiwa peke yake zahanatini. Mkono wa mgonjwa anayetetemeka, hata hivyo, doli halina.

Kuhusu visiwani nakubaliana nawe kabisa. Katika zahanati yenye muuguzi mmoja, mwanafunzi huona asubuhi chanjo, mchana kidonda cha mvuvi, na jioni mama mjamzito anayetakiwa kuamuliwa kama atasafirishwa sasa au maji yatakapojaa. Hakuna wodi ya mjini itakayomfundisha uamuzi huo. Lakini wapelekwe wawili, si kumi, kwa sababu muuguzi ni mmoja. Wapelekwe wa mwaka wa mwisho. Nauli ya boti na chumba cha kulala vilipwe na chuo na si kutolewa mfukoni mwa wazazi. Na mhadhiri azungumze nao pamoja na muuguzi wao kwa simu kila juma, siku inayojulikana, wakiwa na chati mbele yao. Wewe mwenyewe, na wastaafu wenzako walioko Mkomani, mngeweza kuajiriwa na chuo kwa siku chache kila mwezi kuwasimamia, kwani ujuzi mnao na njia za maji mnazijua.

Liko jambo moja ambalo waandaaji wa kalenda, wakiwa ofisini Kilifi au Nairobi, hawaliwazi, nalo ni upepo. Wanafunzi wakipangiwa Faza mwezi wa Juni au wa Julai, wakati kusi imeshika, nusu ya majuma yao itapita wakiingoja bahari itulie, na mhadhiri hatafika hata mara moja kuwatazama. Kipindi cha Januari hadi Machi, kaskazi ikivuma, ndicho cha kuombwa, na ombi hilo lipelekwe mapema, kabla ya kalenda ya chuo kuchapishwa.